Benchi la Uani kwa Klementina

Kamati ya kigango cha Mkula ilikuwa inafika saa nne, na Klementina hakuwa ametulia tangu alfajiri. Walitaka mabenchi kumi ya kukaa nje ya kanisa, kwa maana Jumapili watu hujaa hadi kwenye nyasi. Akiipata kazi hiyo, karakana yake pale Ifakara itasimama imara. Akiikosa, atarudi kuwa kibarua kwa mafundi wengine, asikie tena yale ya mwanamke na msumeno wapi na wapi.

Wakaja wawili: Mama Restuta, mwenyekiti, mwenye jicho la mtu anayechagua kuku sokoni, na Mzee Vitus, katekista.

"Shikamooni."

"Marahaba, binti yangu. Tusizunguke," alisema Mama Restuta. "Mtiki wako ghali. Mwenzako kule barabarani ana mabenchi ya paini, kayapaka rangi hadi unajiona meno!"

Klementina akachukua ubao. "Sehemu hii nyeupe ya pembeni, mama, kwa kazi ya nje siitumii. Mchwa wanaipenda kama watoto na muwa. Natumia hii ya katikati, ya kahawia, ya mti uliokomaa. Ina mafuta yake yenyewe, maji hayaingii kirahisi. Na nimeikausha kivulini miezi na miezi kabla ya kuigusa."

"Na misumari?" Mzee Vitus alikuwa anapapasa kiungo cha kiti kimoja pale karakanani.

"Hakuna, baba. Msumari unashika kutu, halafu mbao inalegea. Hapa ulimi umeingia kwenye tundu lake, nikaukaza kwa kigingi cha mtiki huohuo. Na kati ya ubao na ubao nimeacha nafasi ya kidole, maji yasituame."

"Maneno matamu," alisema Mama Restuta. "Lakini maneno hayanyeshewi mvua."

"Basi twendeni uani. Nina benchi limelala nje masika matatu."

Walipozunguka nyumba wakasikia kwaru, kwaru, kwaru. Nazari, mume wa Klementina, alikuwa kavua shati, kalilaza benchi ubavu, kalikanyaga, anakata mguu wa benchi kwa msumeno. Klementina akamkimbilia.

"Baba Steven! Unafanya nini?"

"Nakusitiri, mama Steven! Limekuwa la kijivu kama jivu la jikoni, kuku wanalalia. Nikasema wageni wasilione, liwe kuni. Lakini hili benchi au reli? Mkono umekufa ganzi na bado sijamaliza mguu mmoja!"

Mama Restuta akabinua mdomo. "Ndilo hili? Mbona limeshaoza?"

Klementina akaona kazi yake inaondoka hivihivi. Kisha akaona unga wa mbao miguuni kwa mumewe, na rangi ya unga ule. Neno likamtoka kabla hajalipanga.

"Kitendawili!"

"Tega!" Mzee Vitus aliitikia upesi, asiweze kujizuia.

"Babu ana mvi tele, damu yake ya kijana."

Wakafikiri. Mama Restuta akasema mwezi, akakataliwa. Mzee Vitus akakuna kidevu. "Tumeshindwa. Tunakupa mji, chukua Mlimba."

"Mlimba nimefika, nimekula wali wao nikashiba, nimerudi. Baba Steven, malizia kukata."

"Nimalizie?"

"Malizia!"

Mguu ukaanguka. Klementina akauokota, akawapa wageni upande uliokatwa. Ganda la juu, jembamba kama karatasi, lilikuwa la kijivu. Ndani yote rangi ya asali, kavu, imara, inanukia mafuta. Mama Restuta akaukwaruza kwa ukucha, akaunusa. Mzee Vitus akaulamba kabisa.

"Jua na mvua vimepita juu tu," alisema Klementina. "Ndani havijabisha hodi."

Mama Restuta akalitazama benchi, akamtazama Nazari aliyeloa jasho, akaanza kucheka mpaka akashika kiuno. "Fundi, mumeo kakutolea ushahidi kuliko mapadri! Mabenchi kumi. Na rangi usipake, yaote mvi yenyewe kama mimi."

Akautia ule mguu kwenye mkoba, wanakamati waliobaki nao wakaunuse.

Kabla wageni hawajafika barabarani, Klementina alishaanza kutoa mbao za benchi la kwanza. Nazari alishika ncha ya pili, mpole kama mtu aliyetoka kuungama.