Kinywa cha Shefu Modeste

Jumatatu saa mbili asubuhi, katika ofisi moja ya mbegu mjini Bukavu, watu kumi na wanne walizunguka meza, kila mtu na kikombe chake cha chai. Domitille, anayetembelea wakulima, alisimama kutoa habari za Nyangezi. Sauti yake ikatoka kinywani mwa shefu wake, Modeste.

Ilikuwa hivyo tangu mwaka wake wa kwanza. Domitille alichezesha midomo, Modeste akafungua kinywa, na maneno ya mwanamke yakatoka pale, pamoja na lafudhi yake ya Mashi, lugha ya kwao: maharage yamezaa, akina mama mia mbili wamepata mbegu. Modeste alikuwa na adabu, hakumkatiza. Mwishoni alipangusa midomo kwa kitambaa. Francine, sekretere, aliandika: "Shefu Modeste amesema."

Miaka kumi na moja Domitille alifanya kazi kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu. Sasa nafasi ya mkuu wa kituo cha Nyangezi ilikuwa wazi, na direkta Didier angetaja jina Ijumaa. Domitille aliitaka. Lakini direkta alidhani Domitille ndiye anayefagia ngazi.

"Maman, ulimi wako utabaki kwa ule papa Modeste mupaka lini?" Akonkwa, dereva wa ofisi, akamuuliza. "Uende kwa direkta weye mwenyewe!"

Jumatano Modeste alikuwa kwenye kilio, msibani huko Bagira. Domitille akaingia kwa direkta, akaeleza miaka yake yote. Sauti yake ikatoka kinywani mwa direkta.

"Mimi ndiye nililala kwa akina mama wa Nyangezi," alisema direkta kwa sauti ya mwanamke. "Mimi ndiye nilichagua ile mbegu. Naomba hii nafasi."

Alijisikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa. Akanywa maji.

"Mawazo mazuri," akasema kwa sauti yake. "Nilikuwa nayo tangu zamani." Ndipo akamtazama vizuri. "Barua yako ya kuomba nafasi ilipita kwa shefu wako?"

"Hapana, Papa," kinywa cha direkta kikajibu kwa sauti ya Domitille.

Direkta akasimama, jasho likimtoka. Francine, aliyekuwa mlangoni, aliangusha muhuri.

"Yesu Maria! Maman Domitille, ulimuruka shefu?"

Kabla ya saa sita jengo zima lilijua. Watu walitoka kwenye ofisi zao kumwangalia. Mhasibu alilazimika kukaa chini kwenye ngazi. Tangu waanze kazi mule hawakuwahi kuona kitu kama kile.

"Mutu muzima!"

"Na shefu iko kwenye kilio!"

"Bila hata sinyatire, sahihi ya shefu!"

Domitille akapewa karatasi ya kujieleza: ajibu kwa maandishi ndani ya masaa arobaini na nane, kupitia kwa Modeste.

Ijumaa direkta alitaja jina la Modeste. Domitille akaombwa kutoa pongezi kwa niaba ya wenzake. Kinywa cha Modeste kikampongeza Modeste polepole, na watu wakapiga makofi.

Baadaye Modeste alimfuata uani. Hakuwa na hasira. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeponea chupuchupu.

"Maman, Nyangezi iko mbali," akasema. "Kule nitasimama mbele ya watu miye peke yangu. Nitasema nini? Tutaenda wote, si ndiyo? Mukataba wako wa miezi mitatu nimeshasinia."

Akafungua kinywa, akangoja jibu la Domitille.