Ujumbe wa Pembeni

Hope, mjukuu wangu, alikuwa kwenye kigoda jikoni, simu mkononi, nami nakuna nazi. Chai yake ilishafanya utando.

"Shosho, tarehe zinakwenda vibaya."

Ni tarehe za kliniki ya watoto wenye selimundu, ule ugonjwa wa damu. Yeye na wenzake wametengeneza programu ya simu inayowakumbusha wazazi. Hawalipwi, wanajitolea tu, na wengine hawajawahi kuonana kwa macho. Maandishi ya ndani ya programu yako wazi, yeyote ayasome na kuyarekebisha, na wana ukumbi wao mtandaoni ambapo neno la mmoja husomwa na wote. Ila hakuna rekebisho linalowafikia wazazi mpaka Mzee Shantilal wa hapa Malindi, aliyeianzisha, alipitishe. Na lile la mwisho, aliloliandika kwa mkono wake, lilikuwa likichelewesha ujumbe wiki nzima.

"Umesema ukumbini?"

"Nimemwandikia pembeni. Nimkosoe mzee mbele za watu, shosho?"

Kwetu mkubwa huvutwa kando, akaambiwa kwa sauti ya chini.

Akangoja. Akaandika tena, shikamoo mwanzo na shikamoo mwisho. Kimya. Ikawa anakula tonge mbili anasukuma sahani, na simu hailazi chini.

Hapa kwetu Ganda, kando ya Malindi, tumepakana ukuta na Bridgit, muuza mahamri. Mwanawe Menza ana ugonjwa huo, na kadi yake ya kliniki ililiwa na mchwa, basi Bridgit akawa anategemea simu. Siku ya kliniki ikapita hana habari. Dawa ikaisha. Asubuhi moja tukasikia kilio cha mtoto ukutani, na tulipoingia vidole vyake vilikuwa vimevimba kama ndizi mkono wa tembo. Tukamkimbiza hospitali kwa tuktuk, kila shimo la barabara analia upya.

Kwenye benchi nje ya wodi, Hope akaandika ukumbini kwamba tarehe zinachelewa. Majibu akanisomea.

Mwaringa wa Rabai: "Mimi nilimwandikia pembeni zamani. Rekebisho ninalo tayari, nangoja yeye."

Mwingine naye vivyo hivyo.

Kisha Toral, binti wa Shantilal: "Baba amelazwa Mombasa. Simu yake ninayo mimi. Niliona ujumbe wenu umejaa, sikuufungua. Nilidhani ni siri zenu naye."

"Kumbe tulijua sote," Hope akasema. "Kila mtu na kichochoro chake."

Toral akampelekea babake simu kitandani, mzee akalipitisha rekebisho la Mwaringa, na kabla ya wauguzi kugawa chai tarehe zilikuwa zimenyooka. Menza bado analia ndani.

Bridgit akatoka, leso imelowa begani, simu mkononi.

"Shosho, kumeingia ujumbe hapa. Wanataka radhi, eti tarehe zilikosewa. Alikuwa anajua nani?"

Nikainuka, nikamshika mkono. "Njoo nje mwanangu, tukazungumze."

"Hapana, shosho," Hope akasema. "Hapa hapa."

Akina mama waliokuwa wamekaa na watoto mapajani wakageuka. Mmoja alikuwa akimenya chungwa, akaacha, ganda linaning'inia.

"Nilijua mimi, mama Menza. Nilijua kabla dawa haijaisha. Nikamwambia mtu mmoja tu, na hakunisikia."

Bridgit akamtazama, asipandishe sauti.

"Na kila asubuhi unanunua mahamri mlangoni kwangu."

Menza akamwita mamake, na Bridgit akarudi ndani bila kumtazama tena yeyote wetu.

Nilitaka kumkalisha mjukuu wangu, nimfunike kwa kanga yangu watu wasimwone. Akautoa mkono wangu taratibu.

"Na wangu?" akauliza yule wa chungwa. "Tarehe yake ni lini?"

Hope akachuchumaa mbele yake. "Anaitwa nani, mama?" akauliza, machozi yakimdondokea kwenye simu, akiyafuta kwa kidole gumba apate kusoma.