Mkono wa Kunyamazisha

Mwalimu wa kwaya alijifunza noti ukubwani. Mchana alipaka rangi nyumba za watu, jioni alikwenda darasani na madoa yake, akajibana kwenye dawati la watoto, magoti yakikaribia kidevu. Walimcheka, akapiga moyo konde. Baadaye kanisa likamkabidhi kwaya, na kwa miaka mingi aliiongoza kwa namna moja: mkono wa kulia ulipiga mapigo, wa kushoto aliuinua pale tu alipotaka sauti zishuke.

Halafu kiharusi kikaja. Mguu ulirudi nusunusu, akawa anatembea na fimbo. Mkono wa kulia haukurudi. Ulining'inia ubavuni kama mkoba wa mtu mwingine aliyeomba ashikiwe kidogo, kisha asionekane tena.

Kila alfajiri aliulaza mapajani, akaufunika kwa ule mzima, akaomba: "Bwana, nirudishie huu tu." Haukusogea. Mwishowe akakata shauri, akatia ufunguo wa chumba cha kwaya katika mfuko wa shati.

"Unaupeleka wapi?" mkewe akauliza huku akimfunga vifungo.

"Nampa mdogo wako. Anapiga kinanda, noti anazijua kuliko mimi. Aongoze yeye."

"Noti anazijua. Watu je?"

"Mama, nitaongoza kwa fimbo?"

"Haya, Baba. Lakini mpe baada ya mazoezi. Watu wamekuombea wiki zote hizi, leo uwaonyeshe kisogo tu?"

Katika chumba cha kwaya walisimama wote alipoingia. Pole zikamiminika. Hata Ngurumo, fundi mwashi mwenye besi ya kutikisa madirisha, alimsalimu kwa kunong'ona. Walikuwa wamemwekea kiti chenye mto. Mwalimu alipouona ule mto, akajiona kama marehemu aliyewahi kufika.

Hakukaa. Aliegemea meza, akamwashiria shemeji yake aanze kinanda, akauinua mkono wa kushoto.

Wimbo ulianza vizuri. Ghafla ukafifia. Akazidisha mapigo, nao wakazidi kushuka. Akautupa mkono huku na huku, jasho likamtoka, wao wakabaki wananong'ona. Ngurumo alichezesha midomo tu. Mungu wangu, Mwalimu akawaza, hata hawa wameshanizika.

Akasimamisha wimbo. "Sauti ziko wapi? Mnaniimbia msiba?"

Wakatazamana. Mama Pacha, mwimbaji wa sauti ya kwanza asiyejua kuficha neno, akauliza, "Kwani Mwalimu, si wewe unayetunyamazisha?"

"Mimi?"

"Huo mkono! Miaka yote ukiinuka, tunashuka. Leo umeuinua tangu mwanzo, tena unaupunga kama unafukuza nzi. Tukasema labda leo tunaimbia moyoni!"

"Mimi nimeshuka mpaka chini ya sakafu," Ngurumo akadakia. "Ningeshuka tena kidogo, ningetokea kwenye kisima cha watu."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka, mara ya kwanza tangu atoke hospitali. Mdomo ulipanda upande mmoja tu, lakini ulipanda.

Kicheko kilipoisha, akautazama mkono wake wa kushoto. Kumbe hawakumwacha. Walimtii mpaka wakakosea. Na yeye kila alfajiri alimlilia Mungu kwa ajili ya mkono uliokwenda, wala hata siku moja hakumuuliza afanye nini na huu uliobaki.

"Haya," akasema. "Tunaanza upya. Kuanzia leo huu ni wa mapigo."

"Na wa kunyamazisha?"

"Nikifumba macho, shukeni."

"Na ukisinzia?" Ngurumo akauliza, sasa kwa sauti yake yote.

"Basi mjue mmeniimbia vizuri."

Haikuwa rahisi. Sauti ya pili iliingia kabla ya wakati, besi ikachelewa, na Mwalimu mwenyewe alisahau, akainua mkono kuwatuliza, wakafyatuka kwa nguvu. Wakarudia na kurudia. Lakini aibu hiyo aliifahamu tangu zamani, tangu siku za lile dawati la watoto. Ubeti wa mwisho akafumba macho. Sauti zikashuka pamoja, taratibu, kama watu wanaopiga magoti. Katika giza lile akaomba bila kudai chochote. Alisema asante tu.

Wakati wa kutoka, shemeji yake akanyoosha mkono. "Lete ufunguo, shemeji, nifunge."

"Acha. Nafunga mwenyewe."

Vidole vya kushoto havikuzoea kazi hiyo. Ufunguo ukakwaruza kufuli, ukateleza, ukakwaruza tena. Nyuma yake watu walijaa mlangoni.

"Tukupigie mapigo, Mwalimu?" Mama Pacha akachokoza, na minong'ono ya kicheko ikaanza.

Mwalimu akageuza kichwa tu, akawakabili, ufunguo ukiwa bado kwenye kufuli. Mkono ulikuwa na kazi, hivyo akafumba macho.

Wote wakanyamaza. Katika ukimya huo, kufuli likalia: ta!