Vijidudu Vilivyomfuata Bosi

Asubuhi hiyo mpima maji aliingia kijitoni na mabuti yake ya mpira, akaokota mawe na kuyasugua kwa mswaki mpaka utelezi wote ukaingia kwenye chupa. Vijidudu vya kwenye utelezi ndivyo vilivyompa habari za maji. Vile vinavyonenepa kwa mbolea vikizidi, basi kuna mbolea inayomwagwa huko juu. Mwaka huu vilizidi. Mtoto mchanga wa dada yake, anayekorogewa maziwa kwa maji ya kisima cha kando ya kijito, alikuwa na midomo ya bluu, na daktari alishasema ni maji.

Mpima maji alikuwa ameinamia hadubini bosi wake alipoingia maabara. Vijidudu vyote kwenye kisahani cha kioo vikajikusanya kuwa doa la kijani, vikahamia upande wa mlangoni. Bosi akazunguka meza, navyo vikazunguka.

"Vinanifuata," alisema bosi.

"Naona. Una shamba huko juu, bosi?"

"La mke wangu," alijibu, akaenda kunywa chai.

Tangu hapo katibu muhtasi akawa anachungulia kisahani kujua kama bosi ameshafika. Hakikumdanganya hata mara moja.

Mpima maji akaanza kumshuku kila mtu. Alikipitisha kisahani mbele ya mlinzi, mbele ya mfagizi. Vijidudu vikatulia tu. Jioni moja akakibeba nyumbani, akakiweka mezani. Mumewe, dereva wa lori, alikuwa bado anafunga geti, na doa la kijani lilishajibanza upande wa mlango.

"Leo umebeba nini, Baba Watoto?"

"Mzigo."

"Mzigo gani?"

Mume alinawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akaketi. Doa likasogea mpaka karibu na kidole chake.

"Mbolea," alisema. "Naishusha kwa mke wa bosi wako. Inayobaki wanaisukumia mtaroni."

"Na wewe unatazama."

"Kazi hii nani alinitafutia? Si wewe uliyekwenda kumwomba bosi wako?"

Doa likagawanyika, nusu ikabaki kwa mume, nusu ikaja kutulia upande wa mpima maji. Akakifunika kisahani kwa bakuli, akapakua chakula.

Simu ikalia. Alikuwa dada yake, akiuliza kama aendelee kuchemsha maji.

"Kuchemsha hakusaidii. Tafuta maji kwingine."

"Kwa nini? Mmegundua nini?"

"Bado tunapima."

"Mbona unaongea kwa kujibana hivyo? Uko na nani?"

"Na shemeji yako tu. Tunakula."

"Haya," alisema dada, kwa sauti ya mtu ambaye hajaamini, akakata simu.

Mume alimaliza kula, akashukuru, akatoka kukagua matairi. Kesho alikuwa na safari mbili za kule juu.