Salamu za Sekunde Kumi na Tano

"Mwadila, mayu," redio ilisema kwa mara ya tatu, ile salamu ya Kisukuma kwa mwanamke, nami nikaigonga meza kwa ngumi.

Mzee Mhoja, dereva wetu, alikuwa amekwama mtoni na lori la mbegu za pamba, mvua ile ya El Nino ikimwagika tangu asubuhi. Nilijua hivyo kwa sababu nyuma ya sauti yake niliyasikia maji. Mto gani, sikujua; saa iliyopita aliniambia yuko njia panda, Dutwa huku, Shishiyu kule. Trekta la kumvuta lilikuwa uani linaunguruma, Maige ameshika usukani, ananisubiri nimtajie mahali.

Nimechoka kuisimulia habari hii, lakini kosa lilikuwa langu na sitaisingizia mvua. Chama cha ushirika kilipopunguza watu, nami nilipunguzwa. Soko likafunguliwa, mnunuzi binafsi wa pamba akaniajiri pale Bariadi nikae na redio ya upepo. Nilijifunza kuzipanga redio za malori yote: masafa ya kusikia, masafa ya kutuma, na toni ya kuifungua ripita, ule mtambo wa kilimani unaodaka sauti dhaifu na kuirusha mbali. Kila saa dereva alitakiwa aseme amefika wapi, nami naandika ubaoni kwa chaki. Lakini ripita ilikuwa inamaliza betri ya sola, bosi akalalamika kwamba madereva wanapiga soga. Basi nikaweka kikomo: ukishika kitufe zaidi ya sekunde kumi na tano, redio inatoa mlio na kujikata yenyewe. Nilijiona fundi kwelikweli.

Sasa, Msukuma mtu mzima haanzi na shida yake. Anakusalimu kwanza, anauliza nyumbani, watoto, ng'ombe, mvua, ndipo aseme. Maji yalikuwa bado ya kwenye matairi, na Mhoja alidhani anao muda.

"Mwadila, mayu. Mhola, ni salama? Mama yako vipi, ule mguu umepona? Na watoto..."

Sekunde kumi na tano zikaisha, redio ikajikata.

"Mzee, uko wapi?" nilifoka. "Taja mahali tu!"

Kumbe nilizidi kuharibu. Mlio wa kukatwa ulimezwa na mvua, akadhani salamu yake sikuisikia, akaanza upya toka mwanzo, kwa upole zaidi kwa kuwa nilikuwa na hasira. Nilipaswa kuitikia tu. Tungepokezana maneno mafupi mafupi, kama salamu zinavyokwenda, na mahali pangetoka. Hilo nililielewa baada ya saa nzima, redio yake ikiwa imeshanyamaza.

Maige alikwenda njia ya Dutwa, kwa kubahatisha. Lori lilikuwa upande wa Shishiyu. Asubuhi walilikuta limelala ubavu, na Mhoja mbali kidogo, kwenye matete.

Msibani mkewe, Lukresia, aliniita kando. Nilijua atanilaumu, na Mungu anisamehe, nilitamani anilaumu. Lakini mambo ya sekunde hakuyajua.

"Wewe ndiwe wa mwisho kumsikia," alisema. "Alisemaje?"

"Alinisalimu, mama. Akamuulizia mama yangu."

Akatikisa kichwa, akafuta macho kwa ncha ya khanga, akasema huyo ndiye yeye hasa. Kisha akanitazama.

"Ukamwitikia?"

"Ndiyo," nikasema. "Tulisalimiana vizuri."