Chaki kwenye Tumbo la Pipa

Kwetu mvinyo hauulizwi kama ni mtamu. Mtamu ni juisi. Kwetu ukishaonja unaulizwa, "Umekupeleka wapi?" Ndivyo alivyotuzoesha marehemu kaka yangu, na kama unaona ni wazimu, haya, wazimu huo ndio umetulisha.

Utaratibu ni huu. Katikati ya ghala limesimama pipa tupu, ndiyo meza yetu. Wawili wanaonja, wamefumba macho, hakuna kuongea. Kisha kila mmoja anaandika kwa chaki kwenye tumbo la pipa, upande wake, mahali mvinyo ulipompeleka. Halafu mnazunguka, huyu anasoma la yule. Mkikuta mmefika mahali pamoja, mchanganyiko umekamilika, chupa zioshwe. Mkipishana, mnafuta, kesho tena.

Mwaka huu tulibaki wawili tu, mimi na wifi yangu, mjane wa kaka. Kaka alituacha zabibu zikiwa zimeshachachuka, mvinyo umelala mapipani ukingoja kuchanganywa. Baada ya mazishi ndugu zake wifi walikuja kumchukua. Alisimama mlangoni akawaambia mbele ya watu wote, "Nikimaliza mvinyo wa mume wangu, nakuja. Siku hiyohiyo." Akafunga begi lake, akaliweka nyuma ya mlango wa ghala. Na wifi akisema, amesema. Harudi nyuma hata umwekee moto.

Mimi, ambaye kaka aliniita Pilipili tangu utotoni, nilikosa la kusema. Niseme nini? Kwamba tumeishi nyumba moja tangu aletwe bibi harusi, tukagombania chumvi, masufuria na nani kaacha mlango wazi, na kwamba akiondoka sitakuwa na wa kugombana naye? Nilimpenda kuliko ndugu wa tumbo moja. Lakini mtu akishaitwa Pilipili, maneno kama hayo yanamkwama kooni.

Basi tukaanza kuonja. Mchana ghala letu hupata mwanga wa dirisha moja dogo, rangi ya asali, vumbi linaelea humo bila haraka, na harufu ya mbao zilizolowa inakulegeza viungo mpaka hujui umelala au uko macho. Zabibu zetu ni za sehemu tatu. Za mlimani zinatoa mvinyo mwepesi, unaonukia zambarau mbivu na maua yaliyoanza kunyauka. Za bondeni ni nzito, nyeusi, ukizimeza unabaki na ladha ya kahawa na udongo uliotoka kunyeshewa. Halafu kuna za ukutani, kipande kidogo cha mizabibu inayotambaa ukutani nyuma ya nyumba. Hizo usiombe! Zinakausha ulimi na kukunja uso. Kaka alikuwa akitia kijiko kimoja tu, mwisho kabisa, huku akinicheka: "Pilipili, hiki ni wewe."

Tulichanganya, tukaonja, siku zikapita. Mimi nilipelekwa huku na kule: mara jikoni kwa mama, mara shambani asubuhi na umande miguuni. Nikizunguka upande wa wifi nakuta neno lilelile. Sijaenda.

"Hata kidogo, wifi?"

"Hata mlangoni sijafika. Giza tu. Nakunywa maji yaliyotiwa rangi."

Mungu anisamehe, nilimwonea huruma mpaka machozi, na bado kila nilipofuta chaki ile moyo wangu ulitulia. Leo haondoki.

Ndipo kaka yake wifi akatuma habari kwamba siku hiyo anakuja na gari kumchukua. Wifi akakaa juu ya kreti, akatazama begi lake. "Kama leo sijaenda, sitaenda tena. Tuujaze chupani hivyohivyo, niondoke zangu."

Hasira zikanipanda. "Hivyohivyo? Mvinyo wa kaka yangu ujazwe hivyohivyo? Kwani haya ni maji ya kuoshea vyombo?" Nikanyakua upawa badala ya kijiko, nikachota ule wa ukutani, nikamimina upawa mzima kwenye jagi.

"Wifi! Umeuharibu!"

"Na uharibike! Onja."

Hasira hasara, nilijua. Tukafumba macho.

Kwanza ulinikaba, kama nilivyostahili. Kisha ukali ukafunguka taratibu, zambarau zikaja, kahawa ikaja nyuma yake, na chini yao kitu cha moto, laini, kikanibeba. Nikajikuta ndani ya hodhi la kukanyagia zabibu. Kaka amekunja suruali, anaimba vibaya kama kawaida yake. Wifi ni bibi harusi mgeni, ananiogopa, amevua viatu na kuvipanga pembeni kama anaingia nyumba ya watu. Kaka akanisukuma humo na nguo zangu zote, na wifi akacheka, kwa mara ya kwanza tangu aje kwetu. Povu la zambarau likatufika magotini. Akateleza, akanidaka mkono. "Usiniachie, wifi," akasema. Mwanga ukawa unazunguka, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kutoka.

Nilipofumbua macho, wifi alikuwa bado amefumba. Alikawia mno. Nikajua ameenda, na kwa uso ule nikajua wapi.

Nikashika chaki. Ningeweza kuandika sokoni, au barabarani, au popote, naye angebaki angalau mpaka kesho. Uongo naujua, nimewadanganya wengi na afya ninayo. Lakini ulimi wangu bado ulikuwa na kaka. Nikaandika: Hodhini, siku uliponishika mkono.

Tukazunguka pipa. Nikainama kusoma upande wake.

Sijaenda.

Nikasoma tena. Kisha nikaona viatu vyake sakafuni, vimepangwa pembeni, kimoja kando ya kingine. Nikainua macho. Wifi alikuwa amesimama upande wangu, miguu mitupu kwenye saruji baridi, mkono mmoja bado umeshika pindo la gauni juu ya magoti, anasoma nilichoandika. Midomo yake ilikuwa inacheza.

Nje, gari la kaka yake likapiga honi.

"Basi tumepishana," nikasema. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine.

"Tumepishana," akasema wifi, akajifuta pua kwa mgongo wa mkono.

"Kesho tena."

"Kesho tena. Na kesho usitumie upawa."

Honi ikalia mara ya pili. "Nenda kamwambie kaka yako mvinyo bado," nikamwambia.

"Kamwambie wewe, Pilipili," akasema. "Mimi nimeshavua viatu."