Meza Ukingoni mwa Lami

Daktari alimwambia Masalu atembee, sukari itashuka. Masalu, mstaafu aliyezoea kushinda kitini, alinung'unika wee, kisha akanunua raba za mtumba na kuanza. Kila asubuhi Mabatini hadi Buzuruga, kwenda na kurudi. Jamani, mtu akarudi kuwa mtu. Miguu ikaacha kuwaka moto, usingizi ukamrudia, akaanza tena kumtania mkewe, Teodora, kama zamani. Mama wa watu akamshukuru Mungu kwa sauti.

Teodora aliuza nyanya pale pale Mabatini, juu ya njia ya waenda kwa miguu. Awali meza yake ilikuwa ukutani. Jirani yake Mwaija aliposogeza yake mbele ili wateja wamwone, Teodora naye akasogeza, maana biashara haitaki kujificha. Mwaija akasogea tena. Hivyo hivyo, kidogo kidogo, mpaka meza zikafika ukingoni mwa lami, na wapita njia wakabaki na upenyo wa kujibana nyuma ya meza.

Siku hiyo Masalu alikuwa anarudi, jasho linamtoka, akaingia kwenye upenyo ule. Teodora ndio kwanza amemaliza kupanga mafungu.

"Baba Rose, utanimwagia nyanya. Zungukia huko."

Masalu akacheka, akashuka barabarani. Lori la mchanga lilikuwa linateremka. Hakufika hospitali.

Dereva, kijana aitwaye Lukman, akawekwa mahabusu. Kila aliyekuja msibani alimlaani: mwendo kasi, hana utu. Teodora alilia kwelikweli, wakamwambia amwachie Mungu. Yale maneno yake, "zungukia huko", hakumwambia mtu. Aliyameza.

Siku ya kumaliza matanga akaja Shamsia, mke wa Lukman, na mtoto mgongoni. Akapiga magoti mbele ya ukoo mzima.

"Shikamoo mama. Mume wangu anasema mzee aliibuka ghafla kati ya meza. Hawamwamini. Wewe ulikuwepo. Waambie tu, mzee alitokea wapi?"

Wote wakamgeukia Teodora. Mwaija, aliyekuwa pembeni akichambua mchele, akainamisha kichwa. Moyo ulimwambia Teodora sema, sema sasa. Akamtazama yule mtoto, akawatazama mashemeji zake, akaogopa.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Nilikuwa nimeinama. Sikuona."

Wazee wakamwonea huruma. Shemeji mkubwa akamwinua Shamsia kwa mkono, akamwonyesha mlango.